Askari wa Kooni

Jumatatu, 3 Novemba

Naongea na simu hii, inarekodi sauti yangu. Mwanangu Ulmas, kabla hajarudi kazini Kazan, huko Urusi, alisema nikikosa wa kuongea naye niiongeleshe. Haya, simu, hujambo? Kimya. Kama yeye tu!

Tangu daktari Mohira afungue zahanati hapo kona, hakuna mtoto mwenye koo bovu anayeletwa kwangu kubanwa mafindofindo. Nusu ya mji huu wa Margilan mafindofindo yao nimeyabana mimi, kwa kidole hiki, pamba na masizi ya sufuria! Walilia, wakaning'ata, wakala halwa. Ua ukajaa kelele. Sasa hata paka kahamia kwa jirani Salomat.

Jumatano, 5 Novemba

Hila nimepata! Nikajifunga skafu mbili, nikaenda kujifanya koo linauma, nimuumbue daktari mbele za watu akitibu ugonjwa usiokuwepo. Mohira akanichungulia, akacheka. Eti bibi wewe mzima, mafindofindo yako yamesinyaa tu kama zabibu kavu. Zabibu kavu! Nikamwambia aniheshimu, mama yake nilimbana mimi. Akasema anajua, mama anasimulia mpaka leo, kwa machozi.

Halafu akanimiminia chai. Nikanywa polepole sana.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimerudi. Koo tena. Akanichungulisha kwenye hadubini, kipande cha findo la mtu kimelala kwenye kioo. Loo! Vishimo vishimo, kama mkate uliodungwa kabla ya kuingia tanurini. Ndani, vinundu vimejaa nukta za zambarau. Akasema hao ni askari. Vijidudu vikinasa kwenye vishimo, askari wanavikagua, wanajifunza sura ya adui, wanapeleka habari mwili mzima. Watoto ndio wenye askari wengi. Uzeeni wanabaki wachache.

Nikauliza, hao wachache wanafanya nini? Akasema, wanakaa tu mlangoni, bibi, labda atapita mtu.

Nikachungulia tena, niwahesabu hao wachache.  

Akanishika mkono, akanisihi nisibane tena, kidole kinauchana huo mlango na kusukuma usaha ndani. Mkate ulikuwa mezani. Nikaushika, nikaapa kwa mkate, kama desturi yetu, kwamba sitabana tena.

Jumapili, 9 Novemba

Mjukuu wa Salomat anakohoa nyuma ya ukuta. Sibani, nimeapa.

Ila mkate wenyewe ulikuwa wa dukani. Mgumu, haujui tanuri. Kiapo gani hicho?

Ulmas hapokei simu. Nimekata kucha. Masizi yapo, halwa nimeitoa kwenye sahani nzuri. Lango nimeliacha wazi. Nimekaa hapa hapa mlangoni.