Kioo cha Ujana

Jumatatu, 3 Machi
Kiti kitupu tangu asubuhi. Ng'ambo ya barabara, kwa Wembe, kinyozi mwenzangu na adui yangu, foleni imefika mlangoni. Mama mkwe, mwenye chumba hiki, kapita akachungulia. Kasema mambo yakiwa haya haya mpaka Jumamosi, anaweka kuku wake humu. Kapima na dirisha. Kazi nyingine siijui, na mke wangu anajua hivyo.

Jioni kaja mwalimu wa fizikia. Mteja pekee, tena kipara nusu, lakini namshukuru. Kasema mwanga nao husafiri, kilomita laki tatu kwa sekunde. Wa jua hutufikia baada ya dakika nane, kwa hiyo jua tunaloliona ni la dakika nane zilizopita. Nikauliza, na kioo je? Kasema hata kwenye kioo unajiona ulivyokuwa punde iliyopita. Mkasi ukanidondoka. Watu wanatafuta ujana, nami nimewabandikia kioo puani!

Jumanne, 4 Machi
Nimehamisha kioo. Kwanza ukuta wa mwisho. Hautoshi. Nikakipitisha mlango wa nyuma hadi ukuta wa ua. Mwanga utembee, ujana uongezeke. Mke wangu kauliza ujana wa miaka mingapi. Nikamwambia asiniharibie kwa hesabu. Hata hivyo kanishikia upande wa pili hadi mwisho, na mgongo unamuuma. Mke kama huyu simstahili. Bango mlangoni: JIONE ULIVYOKUWA.

Jumatano, 5 Machi
Wamejaa! Muuguzi mstaafu kajitazama kwa mbali, hakuona kunyanzi hata moja, kanibariki huku analia. Mama mkwe naye kaketi, bila miwani. Kasema kumbe alikuwa mzuri. Kuku hakuwataja. Namshukuru Mungu, namshukuru mwalimu, nawashukuru hata kuku kwa subira yao.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu karudi. Kasoma bango, katoa kalamu. Kasema ujana ninaouza haufiki hata sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Nikamjibu kwamba kidogo si sawa na hakuna. Kacheka mpaka akakohoa. Nimemnyoa bure.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Shemeji, kitinda mimba wa mama mkwe, anaoa kesho. Nikamnyoa, kajitazama kwa mbali, kasifu. Kufika nyumbani, dada zake mayowe. Upande mmoja ngazi, upande wa pili uwanja. Kumbe tangu Jumanne hakuna mteja aliyeweza kuniambia nimekosea wapi. Mama mkwe kaja na kufuli mkononi na kuku kwapani.

Mara Wembe anavuka barabara. Nikajua amekuja kunicheka. Alikuwa na kioo chake kidogo na mashine. Kamketisha shemeji, kamsawazisha, hakutaka malipo. Kamwambia mama mkwe mtindo huu unahitaji vinyozi wawili, mmoja wa kuanza na mmoja wa kumaliza. Mama mkwe kalegea. Sharti lake: kioo kirudi mahali pake, na asisikie tena habari za mwanga. Nimeapa. Nilitaka kumshukuru Wembe, nikaishia kumshika mkono.

Jumapili, 9 Machi
Harusi jana ilipendeza, kichwa cha bwana harusi zaidi. Kioo kimerudi. Wembe kaahidi kunigawia wateja. Nina bahati ya watu.

Mezani nilikaa na mwalimu. Kasema dunia hulizunguka jua kwa kasi ya kilomita thelathini kwa sekunde, lakini Zebaki, sayari iliyo karibu na jua kuliko zote, hukimbia arobaini na saba. Mwaka wake ni siku themanini na nane tu. Maana yake kwa Zebaki mtu anatimiza mwaka mara nne kabla sisi hatujamaliza mmoja. Na nani asherehekee siku ya kuzaliwa bila kunyoa?

Bango jipya limeshakauka: NYOA KWA MWAKA WA ZEBAKI. Mama mkwe alikataza mwanga, sayari hakuzitaja. Kwa kuwa amenisamehe, nimempigia hesabu yeye kwanza. Kwa Zebaki ametimiza miaka mia mbili hamsini na tatu. Kesho asubuhi, mbele ya wateja wote, nitampa hongera.