Tani Sufuri za Foamu

Wananchi wa Kitale na Bungoma, Idara ya Kuta na Miinuko ina furaha kutangaza kwamba nusu ya ukuta wetu wa Kipsongo ingali imesimama. Nusu nyingine imehamia chini. Mimi, Ofisa Mkuu wa Mizani, nimeombwa nieleze yaliyojiri, kwa kuwa maneno mengi yanazunguka sokoni, na baadhi yake yametoka kwangu.

Kazi ya ukuta ule ni kuzuia udongo wa uwanja wetu wa magari usiteremke. Chini yake, upande wa kushoto, kuna hoteli ya Phelista: mabati, meza nne, na maharagwe ambayo hata wanaotuchukia huyasifu. Upande wa kulia kuna choo cha wakubwa, na juu ya choo hicho, kule uwanjani, pale pazuri, ndipo Mkurugenzi Makokha huegesha gari lake.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, ukuta ulitoa tumbo upande wa Phelista. Akaja ofisini kwa Mkurugenzi na aproni yake.

"Mkubwa, ule ukuta unanikaribia. Mwaka jana nilikuwa napita nyuma ya meko na sufuria. Siku hizi napita na kijiko."

"Labda ni wewe umenenepa, mama."

"Basi niandikie barua. Ukiniangukia, watu wangu wa Kimilili wajue niliuawa na unene."

Idara haiandiki barua ovyo. Tulimwita Injinia Jepkorir, msichana wa buti zenye matope. Alisema udongo ukilowa huwa mzito na kuusukuma ukuta ubavuni. Utolewe, na mahali pake papangwe matofali makubwa ya foamu, ndugu wa ile nyeupe inayokuja na televisheni mpya ndani ya katoni, ila ngumu zaidi. Foamu ni nyepesi, inajisimamia yenyewe, haisukumi mtu. Makokha alikubali. Foamu ikaja kutoka Bungoma, malori matatu.

Hapo ndipo idara yangu inapoingia. Kanuni inasema mali isiyopimwa haijafika. Mzani wetu ni wa malori ya mawe, unasoma tani nzima nzima. Chini ya tani moja ni sufuri. Lori la kwanza nililipima likiwa limejaa pomoni, nikalipima tena tupu. Tofauti: sufuri. La pili: sufuri. La tatu nilirudia kipimo chote mara mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa haki. Sufuri.

"Lakini si unayaona haya matofali?" Jepkorir aliniuliza. Yalikuwa yamejaza uwanja mpaka mlinzi hakuwa na pa kukaa.

"Madam, kuona si kazi ya idara yangu."

Makokha akatia sahihi: foamu iliyopokelewa, hakuna. Sasa, kama foamu haikufika, vile vitu vyeupe uwanjani ni nini? Kamati ilikaa saa tatu, soda mbili mbili kila mjumbe, ikaamua ni takataka. Jepkorir akapewa siku mbili aiondoe, bila wabebaji. Wabebaji wetu hutolewa wanne kwa kila tani, na wanne mara sufuri hata mtoto wa nasari anajua. Makokha akaongeza kifungu kwa mkono wake: pasipo na wabebaji, abebe ofisa mhusika.

"Niitupe wapi, mkubwa?"

"Popote nisipoiona. Kaifukie kwa mama maharagwe."

Jepkorir ni mtumishi mtiifu. Phelista alifunga hoteli, akawaita wateja wake wote, hata wale wa deni, na watu wakaja kama wameitwa harusini. Walichimbua udongo wa nyuma ya ukuta, upande wa hoteli, ili takataka ipate nafasi. Wakaipanga safu juu ya safu kama matofali ya nyumba ya mtu mwenye pesa, wakaifunika kwa plastiki nzito, wakamwaga udongo kidogo juu. Mimi nilipita tu kusalimia, nikajikuta nimeshika tofali upande mmoja.

Udongo uliotolewa, Makokha aliamuru urundikwe upande wake wa kulia, pamoja na tani kumi na nane za mawe ya Saboti, ambazo nilizipima mwenyewe kwa raha kubwa.

"Ukuta wa mkubwa lazima uwe na kitu nyuma yake," alisema.

Jepkorir alimwandikia mara mbili kwamba upande huo utaanguka. Barua zake nilizipima. Sufuri.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, baada ya siku mbili za mvua, upande wa kulia uliondoka. Ulianza polepole, kama mzee anayetafuta kiti. Gari la Mkurugenzi lilishuka nao, likaingia chooni bila kubisha hodi. Hakuna aliyeumia: choo kilikuwa na kufuli, na ufunguo anao mkubwa mwenyewe. Kwa Phelista watu walikuwa wanakula. Aliyeinuka ni mmoja tu, naye alikuwa anaongezewa supu.

Madam Wakonyo, mkaguzi, alikuja kutoka Bungoma. Aliizunguka ile nusu iliyosimama, akaigonga kwa kiatu.

"Hii imeshikwa na nini?"

"Foamu, madam," Makokha alijibu, akinyoosha tai. "Wazo langu mwenyewe."

Wakonyo alifungua faili. "Hapa umetia sahihi kwamba hakuna foamu."

Makokha alinitazama. Mimi nikatazama Mlima Elgon, ingawa siku hiyo ulikuwa ndani ya mawingu.

"Basi hii si yenu," Wakonyo alisema. "Nani aliijenga?"

"Sisi wa hoteli na huyu injinia," Phelista alisema. "Tuliambiwa tutupe takataka. Tukaitupa vizuri."

Wakonyo aliandika kwa dakika kumi nzima. Upande wa kulia utajengwa vilevile, Jepkorir akiwa injinia na Phelista msimamizi wa upangaji. Ofisa mhusika: Makokha.

Ijumaa malori matatu ya foamu yalifika. Nikapima. Sufuri, sufuri, sufuri. Wabebaji: sufuri. Nikamsomea Mkurugenzi kifungu chake, kwa heshima, nikiwa nimesimama.

Kipsongo yote ilikuja, wengine na viti vyao. Makokha alivua koti, akakunja mikono ya shati, akalikumbatia tofali moja jeupe na kusimama nalo, akingoja mtu ampokee. Phelista alitazama juu, kule mlimani, mawingu yalikokuwa yanakusanyika.

"Chukua mbili, mkubwa," alimwambia. "Mvua ya saa tisa haina kamati."