Benchi Lililotaka Kuvuka Barabara

Komeo la dirisha lilisema *kwa!*, kisha likanyamaza. Nje bado giza lilikuwa limetanda, na Bibi Birika, aliyekuwa amechuchumaa mbele ya jiko lake akipepea makaa kwa mfuniko wa ndoo, hakuhitaji saa. Yule binti wa kiwanda cha mikate alikuwa anamfungulia baba yake dirisha kabla ya kwenda kazini.

Punde mlango ukafunguka, binti akatoka huku akijifunga kitambaa kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba ameamkaje?"

"Ameamka amenuna."

"Afadhali. Mgonjwa akinuna, ujue nguvu anazo. Kunywa chai kwanza."

Kikombe cha kwanza cha birika lile kilikuwa cha binti huyu, na Bibi hakuwa amemweleza mtu kwa nini. Alimtazama akinywa amesimama, kisha binti akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akakimbilia barabarani.

Baba mtu alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, hadi siku alipopanda juu ya mzigo wake mwenyewe kukaza turubai, akateleza, akavunjika nyonga. Binti akamleta hapa, kwenye chumba cha chini ambacho dirisha lake liko juu tu ya benchi la wateja wa chai wa Bibi. Wenyeji wa benchi walipopata habari walinunua machungwa wakaenda kupiga hodi. Binti akachungulia mlangoni, ameona haya, akasema, "Baba anawashukuru sana. Amesema amelala."

"Amesema amelala!" Spika, kinyozi wa mtaa, alilibeba neno hilo wiki nzima. "Mtu analala halafu anatoa taarifa?"

Bibi alielewa. Mtu aliyezoea kuiangalia dunia kutoka juu ya lori hapendi kutazamwa akiwa chali. Kisha kulikuwa na jambo jingine. Redio ya Spika huwekwa kwenye kizingiti cha dirisha lile, kwa kuwa hapo tu ndipo kituo hukamatika vizuri. Spika huiweka ikitazama barabarani. Bibi akiinama kusuuza vikombe, akiinuka, huikuta inatazama ndani. Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Aliona kwamba mkono unaofanya kazi namna hiyo hautaki kutangazwa.

Kulipoanza kupambazuka, Sindano na Nondo walikuwa wameshaketi. Sindano ni fundi cherehani, mfupi kiasi kwamba akikaa benchini miguu haifiki chini, lakini Mungu amempa sauti ya ngoma kubwa. Nondo hukunja vyuma kwenye majengo. Ana mabega ya kabati na sauti ya filimbi.

Spika akaja anakimbia, redio kwapani.

"Jamani, msiba! Mji wa Zumari umefungwa!"

"Umefungwa na nani?" Sindano aliuliza.

"Na kituo cha redio. Wametangaza sasa hivi. Mchezo umekwisha, hakuna sehemu nyingine."

"Na badala yake?"

"Watatuletea mtaalamu wa kutufundisha kuamka mapema."

Bibi alitazama anga ambalo halijapambazuka vizuri, akaendelea kupepea.

Zumari ulikuwa mji wa mchezo wa redio. Ulikuwa na malkia mwenye kiburi na ghala la dhahabu, na kila mwananchi wake akisema uongo, kivuli chake kilimkimbia. Benchi zima liliishi humo kila asubuhi, likatoka humo kwenda kazini shingo upande.

"Bora ufungwe," Nondo alisema kwa filimbi yake. "Sindano angehamia kule, kivuli chake sasa hivi kingekuwa nchi jirani."

"Mimi nimesema uongo gani?"

"Suruali yangu."

"Suruali yako kesho asubuhi."

Wote wakainama kutazama chini ya miguu ya Sindano. Jua lilikuwa halijatoka.

"Mmeona?" Nondo alipiga paja. "Hakipo! Kimeshaondoka!"

"Cheka tu," Sindano alisema. "Mimi naupenda mji ule kwa sababu hiyohiyo. Haki iko chini, unaitazama tu. Mwenye nyumba wangu akiniambia bomba litatengenezwa, namwambia, mzee, hebu sogea juani kwanza."

"Mji gani wa watu kukaguana vivuli?" Spika alikuwa ameweka redio kizingitini. "Mimi nikihama, nahamia kwenye tamthilia za televisheni. Mmeyaona maisha yale? Nyumba ina ngazi mbili zinazokutana katikati. Asubuhi wanashuka, wanagombania urithi, jioni wanapanda kulala. Hakuna hata mmoja anayekwenda kazini!"

"Na ngazi zote hizo anafagia nani?" Bibi aliuliza.

"Bibi naye! Zinajifagia."

"Na wewe mle ndani ungekuwa nani?" Nondo alitaka kujua.

"Mtoto wa tajiri aliyepotea utotoni."

"Kwa kichwa hicho? Wangekuona, wangekupoteza tena."

Sindano alicheka hadi chai ikamwagika. Nondo naye akajisogeza, benchi likalia.

"Dunia ya maana ni ile ya filamu za mapanga. Mtu anaruka kutoka paa hadi paa, hana jukwaa la ujenzi, hana ngazi, hana msimamizi wa kumfokea."

"Wewe uruke? Paa litakuja na wewe."

"Kule hakuna uzito, ndiyo raha yenyewe. Hapa bega langu moja limeshashuka kwa kubeba vyuma. Halafu, mmeona ile adabu yao? Majambazi ishirini wanamzunguka mtu mmoja, na kila mmoja anangoja zamu yake apigwe. Foleni safi! Wewe umewahi kuona watu wanapanga foleni namna ile hata dukani?"

"Bibi, na wewe?" Spika aligeuka. "Chagua dunia yako."

Bibi alifikiri, birika mkononi. "Mimi natafuta hadithi moja tu. Watu wanafanya karamu, wanakunywa, wanapanda farasi wanaondoka. Sijasikia hata hadithi moja ambayo mtu anabaki akaosha vikombe."

"Hiyo itakuwa hadithi ya kuchosha."

"Inachosha, ndiyo. Nyie hamuijui."

Walimcheka kwa upendo, naye akawajazia. Hapo ndipo Spika alipotoa lililomleta.

"Sasa sikilizeni. Redio imekufa, lakini ng'ambo pale duka la samani limeweka televisheni barazani. Mwenyewe ameniambia, njooni mkae, mtanivutia wateja. Tuvukeni. Benchi, jiko, kila kitu."

"Leo?" Nondo aliuliza.

"Leo, kabla mafundi rangi wa mtaani hawajaiwahi nafasi."

Sindano alikuwa ameshashuka benchini. Nondo alikuna shingo. Bibi alinyanyua kidevu kuelekea dirishani.

"Na mwenzenu huyu?"

"Mwenzetu yupi?" Spika alishangaa. "Aliyesema amelala? Bibi, yule hata machungwa yetu hakutujibu. Tukihama atatushukuru, atalala kweli."

"Mimi sijakataa," Bibi alisema. "Jiko hufuata benchi. Nasema tu, twendeni polepole."

Lakini aliona moyo wake unakuwa mzito kama sufuria ya maji. Akaanza kukusanya vikombe, kimoja kimoja, akikawia kuliko ilivyohitajika. Sindano akashika ncha moja ya benchi, Nondo akashika nyingine. Spika akanyoosha mkono kuchukua redio yake.

Redio haikuja.

Akavuta tena. "Imekwama."

"Itoe taratibu," Sindano alisema.

"Nimeshaitoa, inarudi!" Spika akachungulia, akaruka nyuma. "Kuna mkono!"

Kweli. Vidole vinne virefu vilikuwa vimeshika mpini wa redio kutoka ndani, vimekaza. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, imekwaruza kama ya mtu asiyeizoea.

"Redio chukua. Benchi acha."

Nondo aliliachia benchi. Likamwangukia Sindano mguuni, naye akasahau kulia.

"Nani anasema?" Spika aliuliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Niliyelala."

Bibi aliinamia jiko ili wasimwone anavyotabasamu.

"Huyo Sindano," sauti iliendelea, sasa kwa kasi, kama iliyokuwa ikingoja foleni, "juzi alianza kusimulia jinsi alivyomwendea mwenye nyumba kuhusu bomba, akakatiza katikati akaenda zake. Mwenye nyumba alijibu nini? Na Nondo, mkewe amemfungulia mlango? Yule malkia?"

"Malkia?" Nondo alishika kifua. "Mzee, mimi mke wangu anauza mboga."

"Hukumwoa malkia wa Zumari? Akakufungia nje kwa kupoteza funguo za ghala?"

"Alinifungia nje, ndiyo. Kwa kupoteza funguo za kibanda cha mboga."

"Basi huyo," sauti ilisema polepole, "mimi nilimvika taji."

Ikabidi awaeleze. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha, na kutoka pale alipolala, redio na benchi vilikuwa vinaingia kwa tundu lilelile. Alivipanga kichwani alivyoweza. "Siku za mwanzo nilidhani nyote ni wa redioni. Betri ziliisha, ninyi mkaendelea kusema. Ndipo nikaanza kutia shaka."

"Sasa, mzee wangu," Sindano alisema akisugua mguu, "kama ulikuwa unatupenda hivyo, machungwa ulitufukuzia nini?"

Bibi alisikia kitanda kikilalamika.

"Binti yangu akirudi jioni huniuliza, baba, leo kumetokea nini? Mtu aliyelala kutwa akitazama dari amjibu nini? Nikawa namsimulia ninyi. Anacheka mpaka anasahau kuvua viatu. Anadhani napona." Akakohoa. "Mkivuka barabara, jioni nitamwambia nini?"

Spika, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona amekosa neno, alikuwa anafuta redio kwa kiwiko cha shati, na haikuwa chafu.

"Tuingie?" Bibi aliuliza.

"Msiingie. Nimelala."

"Basi tutakaa hapahapa. Tumezoea."

Wakakaa. Gari likapita. Mwanamke akapita na ndoo. Kisha kutoka ndani, kwa sauti ndogo, "Mlango umerudishiwa tu. Haukufungwa."

Waliingia kwa mstari, kimya kama watu wanaoingia kupimwa. Dereva alikuwa mtu mrefu, miguu imepita ncha ya kitanda, shuka limevutwa hadi kidevuni. Aliwatazama mmoja mmoja kwa makini, na kadiri alivyotazama, uso ulizidi kusinyaa.

"Nondo ni yupi?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo," filimbi ilitoka kwenye lile kabati.

"Marahaba. Hapana. Nondo wangu ni mdogo, mwembamba, ana masharubu."

"Nitafuga, mzee."

"Na Sindano?"

"Nipo!" ngoma ilinguruma nyuma ya Nondo. Dereva akanyanyua macho, akangoja mwili wa kulingana na sauti ile. Haukuja. Akateremsha macho, akamkuta.

"Hiyo sauti yote inatoka humo?"

"Na mimi je?" Spika alijitokeza, kola ameiweka sawa. "Mimi ulinichoraje?"

"Wewe sikukuchora," dereva alisema. "Nilidhani wewe ndiye matangazo ya biashara."

Kicheko kilichotoka chumbani mle kilimfanya mwenye duka la samani, ng'ambo ya barabara, atoke barazani kutazama. Spika mwenyewe alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Dereva naye akacheka, shuka likamteleza kidevuni, asilivute tena.

Vicheko vilipopungua, akageuza kichwa. "Na huyu ni mama wa birika. Wewe huongei sana. Lakini upepo ukigeuka, nasikia miguu ya jiko inakwaruza sakafu. Kisha moshi huacha kuingia. Kila siku."

Bibi akaona aibu kama msichana. "Jiko lenyewe halitulii," alisema, akatoka nje haraka.

Huko nje alimkuta Nondo, aliyetoka kabla yake bila kuaga, amechuchumaa kwenye beseni. Vikombe vilipotea kabisa ndani ya mikono yake.

"Wewe, unafanya nini hapo?"

"Niko ndani ya hadithi, bibi. Usinikatize."

Benchi lilirudishwa chini ya dirisha, na redio ikaachwa ikitazama ndani. Spika akavuka barabara kumwambia mwenye duka kwamba wamepata televisheni nyingine, ya aina inayokujibu. Saa ya kazi ilikuwa imefika, kila mtu akashika njia yake.

"Sindano!" dirisha liliita. "Bomba!"

"Nitakusimulia kesho asubuhi!"

"Kesho ya suruali, au kesho ya kweli?"

Sindano alisimama katikati ya barabara. Jua sasa lilikuwa limetoka. Akatazama chini kwanza, akahakikisha, ndipo akajibu, "Ya kweli!"

"Basi mje tena," dereva alisema. "Mje ndani. Nami nitafumba macho, niwaone vizuri."