Miaka Minane Niliyoivua kwa Ajili ya Bima

Jumatatu, 6 Aprili 1964. Nyamianda.

Wizi mtupu! Nimekwenda kulipia bima ya gari. Déogratias wa ofisi ya bima, ambaye juzi tu alikuwa mtoto wa kuoga uchi ziwani, kaniambia dereva aliyetimiza miaka sitini analipa mara mbili. Eti macho ya wazee yanachelewa. Macho yangu! Nimeendesha malori ya Wabelgiji hadi Lemera mlimani, ndani ya ukungu, sijagonga hata kuku. Kitabu changu cha kitambulisho kinasema nina sitini na minne. Nani alihesabu? Mzungu wa sensa alinitazama meno, akaandika.

Bila karatasi ya bima kwenye kioo, wanajeshi wa kizuizi cha barabarani wanachukua gari. Na Jumamosi Félicité anaolewa. Mjukuu wangu, mke wangu wa utani, niliyemlea tangu baba yake afe. Mimi ndiye nitakayempeleka kanisani, mimi ndiye nitakayembariki. Lakini mdogo wangu Octave tayari anaosha kamioneti yake, kile kilori kidogo, ampeleke yeye. Ana hamsini na minane, analipa nusu yangu. Usingizi hauji.

Jumanne, 7 Aprili.

Nimepaka nywele rangi nyeusi ya viatu. Mke wangu Léocadie kauliza nani amekufa. Déogratias hakutazama hata nywele. Anataka shahidi: mtu aliyenijua utotoni aape mbele ya chefu wa mtaa, ndipo miaka ibadilishwe. Aliyebaki hai ni Octave peke yake. Octave!

Mvua imeninyeshea njiani. Rangi imechuruzikia shati la Jumapili, limekwisha.

Jumatano, 8 Aprili.

Nimekwenda kwa Octave na samaki sangala mzima, tayari kubembeleza mpaka jua lizame. Kakubali kabla sijakaa! Ataapa kwamba nilizaliwa nyuma yake, tena kwamba alinibeba mgongoni. Sikujua ana moyo huu. Sangala nimerudi naye nyumbani.

Alhamisi, 9 Aprili.

Ameapa. Majirani wote walikuja kusikiliza. Nina hamsini na sita! Nimetoka kwa chefu bila kuegemea fimbo, goti linawaka moto.

Déogratias kaniuliza nataka bima ipi: ndogo, inayolipa hasara ya watu wengine tu, au kubwa, inayolipa na gari langu. Nikauliza kama ile kubwa inalipa vita, maana kila siku watu wanashuka kutoka mlimani na magodoro kichwani. Kasema vita havimo. Basi ya nini? Nimechukua ndogo. Mtu wa hamsini na sita hagongi.

Jumamosi, 11 Aprili.

Asubuhi, raha tupu. Gari linang'aa, karatasi iko kwenye kioo, Félicité kakaa nyuma na shela yake. Wanajeshi wamesoma, wametupisha.

Baada ya misa, uani kwetu, kibuyu cha kasiksi kimeletwa. Mkubwa wa ukoo ndiye anayeonja pombe ile ya ndizi kwanza, kisha anamnyunyizia bibi harusi baraka kwa kinywa chake. Nimenyoosha mkono. Octave kakinyakua.

"Weye iko mudogo yangu sasa," kasema. "Minye njo mukubwa. Sikuapa?"

Watu wamecheka. Nimegeuka huku: chefu ananitazama. Nimegeuka kule: Déogratias anatafuna mbuzi, naye ananitazama. Nikisema kweli, bima imekufa na gari limekwenda. Nimeushusha mkono. Octave alipokuwa akimbariki, Félicité alinitazama mimi. Imeniuma sana.

Nimeingia garini kwa hasira, nikarudi nyuma bila kuangalia. Kishindo! Kamioneti ya Octave.

Jumapili, 12 Aprili.

Déogratias amekuja mapema, anacheka. Bima yangu itamlipia Octave kila kitu: taa, mlango, hata rangi mpya. Mimi, hakuna. Gari langu limepinda nyuma, ila linatembea; kamioneti yake ndiyo imevutwa kwa fundi.

Félicité kapita na mumewe kabla ya kwenda Lubarika. Kachota maji kikombeni, kapiga magoti. "Babu, ile ya jana ilikuwa ya watu. Unipatie yangu." Nimembariki. Nimelia, na Léocadie kaniona.

Ningelala na furaha hiyo. Lakini jioni habari imefika: wanajeshi watachukua wanaume wote wasiofika sitini wakachimbe mahandaki. Watawaacha tu wenye gari linalotembea, hao watabeba chakula. Mimi, hamsini na sita! Na goti hili!

Nimekimbia kwa Octave. Nikamwomba aape tena, safari hii niwe na themanini kabisa. Kakubali kabla sijakaa! Kasema tu kwamba mzee wa themanini hatakiwi kuonekana kwenye usukani, nimwachie yeye gari alitunze mpaka mambo yapoe.

Mtu mwema, yule mdogo wangu. Nimempa funguo. Kesho nampelekea na sangala.