Boulevard ya Kadutu Niliyoiona Kutoka Angani

Jumatatu, 1 Machi 1976
Picha zimefika! Sanduku zima kutoka Kinshasa. Bukavu yote, imepigwa na ndege mwezi wa kwanza. Chef wa bureau, mkuu wa ofisi yetu, anataka tuzilinganishe na picha za 1959, tuone mji umekua namna gani. Atakayefanya vizuri atapelekwa Kinshasa miezi sita kusomea kazi hiyo. Wachoraji ramani tuko wawili tu: mimi na Cyprien. (Sheria inataka tuitane citoyen, yaani raia, kwa majina ya mababu. Lakini daftari ni langu.) Cyprien ameomba buti za mpira azunguke vilima kwa miguu. Buti! Ndege imeshazunguka kwa niaba yetu. Nimecheka mpaka chef akachungulia.

Jumatano, 3 Machi
Nimeficha stéréoscope kwenye droo yangu. Ni miwani yenye miguu: unaweka picha mbili chini yake, ya kushoto na ya kulia, na vilima vinasimama mbele ya macho. Cyprien ameitafuta asubuhi nzima. Nimemwambia aulize watu wa usafi.

Ugunduzi! Mto Ruzizi unapita juu ya mgongo wa mlima, si bondeni. Wabelgiji walituchorea uongo miaka yote ile. Hiyo nitaiandikia ripoti baadaye, maana kuna kubwa zaidi. Mwaka 1959, juu kule Kadutu, naona uzi mwembamba. Mwaka huu uzi umekuwa mpana, tena umeinuliwa juu ya tuta. Barabara imepanuliwa na hakuna aliyetuambia! Nimeichora kwa wino mwekundu. Nimeiita boulevard, yaani barabara kuu, na kuipa jina la chef.

Alhamisi, 4 Machi
Chef amelipenda jina. Ameuliza kama nimeenda kuiona hiyo boulevard. Nimejibu kwamba sayansi haihitaji viatu. Amegonga muhuri.

Jioni nimepita kwa mama mkwe, Maman Eulalie, anayepikia wafanyakazi bugali na maharagwe kando ya soko. Tangu harusi ananitazama kama mfuko uliotoboka. Leo nitamgeuza! Nimemshauri ahamishie kibanda kwenye boulevard, juu kule nyuma ya migomba, kabla wengine hawajajua. Akasema yeye anakaa Kadutu miaka ishirini, na nyuma ya ile migomba anajua shimo refu tu, la maji ya mvua. Nikamweleza kwa heshima kwamba shimo ni habari ya zamani, picha ni za mwezi wa kwanza. Nikafungua ramani. Aliutazama muhuri muda mrefu.

"Haya, mukwe wangu," akasema. "Kama Serikali inasema iko njia, shimo itafanya nini?"

Jumamosi, 6 Machi
Salongo asubuhi yote, kazi ya umma ya lazima: kufagia na kufyeka. Kibanda kimesimama nyuma ya migomba. Mbao mpya, viti virefu viwili, sufuria nne. Kinapendeza.

Kisha akaja Cyprien, matope mpaka mapajani. Anasema juu ya shimo ardhi imepasuka. Jumatatu ufa ulikuwa kidole kimoja, leo kiganja kizima. Amepita nyumba kumi na moja akiwaomba watu wahame, na mama mkwe pia. Wivu! Akaniuliza niliweka picha gani kushoto. Nikamjibu kushoto ni kushoto. Akasema ukizibadilisha, shimo linaonekana kilima na kilima kinaonekana shimo. Maneno ya mtu aliyeshindwa.



Jumatatu, 8 Machi
Mvua tangu saa sita mchana. Chef alitaka kuiona boulevard yake kabla ya kuwaita wakubwa. Tukapanda jeep, mimi mbele kuonyesha njia. Nikamwambia dereva, muzee Ignace, aende tu, tuta liko karibu. Akafunga breki.

"Chef, mbele hakuna njia," akasema. "Mbele hakuna hata chini."

Hapo ndipo mlima ulipolia. Sauti kama gunia la mawe linamwagwa, ila halikwisha. Migomba ilienda kwanza, imesimama wima kama watu. Kibanda kikafuata. Nikaruka kutoka kwenye jeep. Nikakimbia. Nikamwita mama mkwe kwa jina lake, mara tatu, kwa sauti, jina ambalo mkwe hatamki.

Akaniitikia kutoka nyuma. Alikuwa amesimama chini ya mwavuli wa Cyprien, sufuria moja kichwani. Alikuwa ametoka pale asubuhi.

"Mukwe, muhuri yako imeenda kule chini," akasema. "Shuka, uitafute."

Nyumba tatu zimekwenda. Zote zilikuwa tupu. Hakuna aliyekufa. Nilikaa kwenye matope na uso wangu ukalowa. Ilikuwa mvua.

Ijumaa, 12 Machi
Cyprien anaenda Kinshasa. Chef amelikwangua jina lake mwenyewe kwenye ramani kwa wembe, kwa mkono wake, mlango umefungwa. Mimi nimetupwa stoo kupanga picha za zamani.

Lakini tuseme ukweli: ule mstari nani aliuona wa kwanza? Mimi! Kosa lilikuwa jina tu.

Kabla ya kuaga, Cyprien ameniandikia nyuma ya kila picha: kushoto, au kulia. Moyo mzuri. Nimemshukuru, kisha nimezipanga nilivyozoea.

Na sasa hili! Huko Miti, katikati ya mashamba, kuna kitu cheupe kama pamba, kinang'aa kuliko mabati mapya, kikubwa kuliko makanisa kumi. Kando yake kivuli kirefu, kwa hiyo ni jengo la ghorofa. Kiwanda! Bureau nzima hakuna anayekijua. Katika picha inayofuata, ya siku ileile, kimesogea upande wa Mudaka, na kimenenepa. Hao watu wanafanya kazi! Nimeshaandika barua ya kuomba nafasi. Sijui tu niipeleke Miti au Mudaka.