Kompyuta Yetu Dhidi ya Nonante-cinq

Jumatatu, 20 Mei 1996

Naapa kuandika yote, hata yale ya kuniaibisha. Priscille, ndivyo tulivyokubaliana: mwisho wa juma kila mmoja anamtumia binamu yake kurasa zake kwa posta, wewe kutoka Liège, mimi kutoka hapa Auderghem. Hakuna kufuta mistari.

Basi: niko vitani. Na Anaïs.

Unajua mimi ndiye mchapaji wa kwaya yetu. Kompyuta yetu ni ile papa, baba yangu, aliyoiokoa ofisini anakofanya usafi, siku walipoitupa. Haina rangi, haina muziki. Ukiiwasha inakuonyesha giza na herufi nyeupe, kisha inangoja uiamuru. Mimi najua kuiamuru! Kila Jumapili watu sitini wanaimba kutoka kwenye karatasi zangu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, pameandikwa: Imechapwa na Kahambu. Mstari huo ndio wangu peke yangu duniani.

Jana baada ya misa papa Modeste, mwalimu wa kwaya, alitangaza kwamba papa Nday, baba yake Anaïs, amenunua ordinateur mpya, kompyuta yenye mfumo wa nonante-cinq, yaani wa tisini na tano. Watu walipiga makofi. Makofi, kwa kompyuta! Akasema, bon, Jumamosi mimi na Anaïs kila mmoja alete karatasi sitini za nyimbo za Pentekoste. Zitakazopendeza zaidi, mwenyewe anachukua kazi. Anaïs alinitabasamia kwa upole. Upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

Yetu ina ugonjwa mmoja. Inafanya kazi nusu saa, halafu inazimika. Pu! Papa anasema ni uzee. Maman anasema mashine inataka heshima. Ameipangusa na kuifunika tena kitambaa chake cheupe cha kufuma, kinachoning'inia pande zote isipokuwa mbele, kama anavyofunika televisheni, redio na simu.

Jumanne, 21 Mei

Mpango wa kwanza: kuigeuza yetu iwe mpya. Tonton Guylain, mdogo wake maman, anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu. Ameniazima disketi za nonante-cinq. Kumi na tatu! Nimezibeba kwenye basi kama mayai.

Hazikuingia. Zake ni ndogo na ngumu, tundu letu linapokea zile pana na laini. Nilisukuma kidogo. (Nilisukuma sana.) Nikampigia simu. Alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Akasema hata zingeingia, mashine ile ni koko, bibi kizee, haina nguvu za kubeba mfumo mpya. "Mutoto, acha koko apumuke!"

Aibu. Lakini nimepata jambo moja: mashine mpya hazina tundu pana. Nimeanza kutabasamu.

Jumatano, 22 Mei

Mpango wa pili, mzuri kuliko yote niliyowahi kubuni. Nyimbo zote za kwaya zimo kwenye disketi zetu pana. Anaïs hawezi kuzifungua. Basi nani atasema Kahambu ni mchoyo nikimwazima?

Leo shule iliisha saa sita. Nilichukua kisanduku kizima cha disketi, nikakifunga kwa utepe wa komunyo yangu ya kwanza, nikavuka mji hadi kwao Berchem-Sainte-Agathe. Maman Victorine, mama yake Anaïs, alinikumbatia mlangoni, akaniita mtoto wa Mungu, akaniwekea sahani ya beignets, maandazi yao matamu.

Kompyuta yao inapiga muziki ikiwashwa. Nilitazama dirishani. Anaïs alitafuta tundu mbele, akatafuta nyuma, akauliza taratibu, "Kahambu, hizi zinaingilia wapi?" Nikamjibu kwamba nilidhani anajua. Nikachukua beignet ya nne. Raha iliyoje!

Baadaye, nyumbani. Nimewasha yetu. Inaomba disketi ya kuiamsha. Haina kumbukumbu tumboni mwake, lazima ilishwe mfumo wake kila inapowashwa. Disketi hiyo imo kwenye kisanduku. Kisanduku kiko Berchem.

Mimi mjinga! Mjinga mwenye utepe!

Alhamisi, 23 Mei

Nimepiga simu kwao. Maman Victorine alipokea, akaomba azungumze na maman, akanisifu kwake dakika kumi nzima. Baada ya sifa hizo, utadaije kitu chako? Simu iliporudi kwangu akasema papa Nday amekwenda na kisanduku kazini kutafuta mwenye mashine ya zamani. Kazini! Atakisahau kwenye metro.

Mpango wa tatu: nikamwambia kwamba disketi zile zina virusi, afadhali zirudi haraka. Kisha akauliza kwa hofu kama vinaambukiza watoto, kwa sababu mdogo wake Anaïs alizigusa na leo anapiga chafya.

Nikasema hapana. Nikakata simu. Nikakaa mbele ya giza la kompyuta yangu.

Ijumaa, 24 Mei

Kengele ya mlango saa kumi na moja. Anaïs! Na kisanduku, pamoja na utepe. Amevuka mji mzima. Papa Nday hakupata mtu. Anaïs alisema aliona maandishi yangu kwenye disketi moja, YA KUWASHIA, akaelewa kwamba bila hiyo sina kompyuta. Hakucheka hata kidogo. Afadhali angecheka.

Akaongeza kwamba yeye amechapa nyimbo nne alizokuwa nazo kwenye karatasi za zamani, lakini mbili hana. Nimsaidie? Nilimwambia, bon, keti.

Nikaanza kuchapa. Mashine yetu ya kuchapia inakwaruza dakika tatu kwa karatasi moja. Kufika karatasi ya kumi: pu!

Anaïs aliweka kiganja juu ya kompyuta. "Eh, iko moto kama pasi! Mbona mumeivika?" Nilimweleza kwamba mashine bila kitambaa inaaibisha nyumba, wageni watatuonaje? Akasema hata maman Victorine alitaka kuifunika ya kwao, lakini muuzaji alikataa: nyuma kuna matundu, hapo ndipo inapopumulia.

Tukainua kitambaa. Matundu! Miaka minne tulikuwa tukiiziba pumzi kwa heshima.

Tuliiacha ipoe. Ikaendelea saa moja. Mbili. Karibu tatu! Karatasi ya sitini ilipotoka tulipiga vigelegele. Maman akaingia, akaona kompyuta iko uchi mbele ya mgeni, akamwomba Anaïs radhi.

Jumapili, 26 Mei. Pentekoste!

Jana papa Modeste alishika karatasi za Anaïs. Njiwa wa rangi tatu! Herufi za kujipinda! Alizisogeza mbali, akazileta karibu, hakuweza kusoma neno. Akashika zangu, nene na wazi, akasoma bila miwani. "Donc, njiwa mbele, maneno ya Kahambu ndani. Muchape jalada, mutie majina yenu, tuimbe."

Leo kanisa lilijaa hadi mlangoni. Watu sitini na karatasi sitini, na wasiopata walichungulia kwa majirani. Koko Thérèse alikunja tatu mkobani azipeleke kwa dada zake Goma. Mimi na Anaïs tulishika moja, tukaimba hadi sauti zikakauka. Nilikuwa na furaha, Priscille. Nasema kweli.

Ila jalada linasema: Imechapwa na Anaïs na Kahambu. Anaïs kwanza! Ndani, chini, bado niko peke yangu, lakini nani anaangalia ndani chini? Nilimwuliza papa Modeste kwa adabu. Alijibu kwamba mashine mpya ndiyo inayotangulia.

Ahaa. Mashine mpya.

Sasa sikiliza. Tonton Guylain anasema hakuna mfumo usiozeeka, hata nonante-cinq zamu yake itafika. Siku hiyo itakohoa, itagoma, muuzaji atakataa kuigusa. Na katika kwaya nzima, nani anajua kumtunza koko? Anaïs atanipigia simu. Nitakwenda Berchem polepole. Nimekwisha kuandika masharti yangu, la kwanza ni utaratibu wa majina. Kwa sasa nimemwalika Jumatano aje kuzoea mashine yetu. Kwa wema tu.

Wewe ni hodari wa hesabu. Nonante-cinq inazeeka baada ya miaka mingapi? Nijibu kwa posta ya kwanza, kabla ya Jumatano.