Komando Upepo Hacheki Tena

Kambi ya barabara, upande wa Manono
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024
Leo ni mwaka mmoja, miezi saba na siku kumi na moja tangu nitoke Uvira

Kwa Madamu Mtafsiri wa Filamu,
Ukumbi wa Video wa Mzee Léopold,
Mulongwe, Uvira

Kuhusu: malalamiko juu ya Komando Upepo mpya

Madamu Mtafsiri,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mtazamaji. Kwamba mimi pia ni mume wako, hilo tuliweke kando kwa leo. Mambo ya nyumbani yatakuwa na barua yake. Ningepiga simu, lakini simu yangu huipokei tangu wiki ya Pasaka, nami sitaki kuliingiza jambo hilo hapa kwa sababu, kama nilivyosema, ninaandika kama mtazamaji.

Shule niliiacha mwaka wa sita wa msingi, kwa hiyo pale nitakapokosea mpangilio utanivumilia.

Filamu zako zinatufikia kwa kadi za simu, zile ndogo za kuhifadhi picha. Mama Pétronille, anayepitisha ndagala kwenye kambi zote za barabara, huzileta ndani ya mfuko mmoja na samaki, ndiyo maana kadi zote zinanuka ziwa. Miaka yote tulimsikia Mzee Léopold akiwasemea Wamarekani kwa Kiswahili. Kiingereza hakukijua, lakini alikuwa akimtazama mtu usoni anajua atasema nini. Wewe wakati ule ulikuwa unauza karanga mlangoni, umeipa picha mgongo, na filamu zote ukazijua kwa masikio. Niliposikia kwamba Mzee amekuwa shemasi, kwamba hataki tena kusema maneno ya majambazi, na kwamba kipaza sauti amekuachia wewe, nilifurahi sana. Nilifurahi peke yangu. Hapa kambini hakuna anayejua kwamba mtafsiri ni mke wangu. Tafadhali kumbuka hilo unapoendelea kusoma.

Wiki tatu zilizopita Mama Pétronille alileta Komando Upepo. Si yule wa zamani. Wamarekani wameamua kuianza hadithi upya kana kwamba zile filamu nne tulizoziona hazikuwahi kuwapo: komando mwingine, kijana wa ndevu, kofia nyeusi badala ya nyekundu. Tuliiangalia watu thelathini na wawili, Jumapili mchana baada ya ibada, kwenye televisheni ya kapita Ndihokubwayo, msimamizi wetu. Tangu siku hiyo hakuna amani. Nusu ya kambi inasema Upepo mpya ana huzuni kupita kiasi. Nusu inasema sasa ndipo amekuwa mtu mzima. Mimi ni wa nusu ya kwanza, na malalamiko yangu ni haya.

1. Komando hacheki. Upepo wa Mzee Léopold alikuwa anacheka kwanza, halafu ndipo anapiga. Akimkamata jambazi shingoni alimuuliza kama mama yake anajua alipo. Akiruka juu ya magorofa alilalamika kwamba ameacha bugali motoni. Mtu aliyebeba mawe tangu Jumatatu anamhitaji komando wa namna hiyo siku ya Jumapili. Upepo wako amecheka mara moja tu, dakika ya hamsini na mbili, na Dieudonné, kiongozi wa wapenda huzuni, anasema hata hapo alikuwa anakohoa.

2. Giza na mvua. Filamu imeanza na giza kiasi kwamba kapita aliizaba televisheni makofi matatu akidhani imekufa. Kisha mvua ikanyesha mpaka mwisho. Giza na mvua ni makosa ya Wamarekani, sikulaumu. Lakini Olga, mke wa komando, amesimama dirishani anasema: "Maji yameingia ndani, yamefika kitandani, minye na mtoto tumelala juu ya meza, na weye uko wapi?" Hapo nina swali. Kwenye picha Olga anakaa ghorofa ya kumi na mbili. Nimehesabu madirisha. Maji ya kufika kitanda cha ghorofa ya kumi na mbili yametoka wapi? Tena mtoto yupi? Kwenye picha Olga ana paka.

Kapita alisema labda bomba limepasuka, na watu wakaridhika. Mimi sikuridhika. Kama ziwa limefika kwa mtu kiasi hicho, mwenye nyumba angetafutiwa njia nyingine ya kuambiwa, si kwa mdomo wa mke wa komando mbele ya watu thelathini na wawili wanaokula karanga.

3. Hesabu ya miezi. "Ulisema miezi mitatu." Maneno haya Olga ameyasema mara saba. Ameyasema komando akipigana na Daktari Moshi juu ya daraja. Ameyasema komando akiwa ameishikilia treni kwa mikono miwili, wakati yeye Olga hayupo hata kwenye picha. Sauti imetoka angani tu. Treni ile ina abiria, Madamu. Huo ndio wakati wa kumuuliza mtu habari za miezi?

Nilisimama kumtetea komando. Nilieleza kwamba kazi ya kuliokoa jiji haina mwisho, ukimaliza adui mmoja wanakuletea mwingine. Nilieleza kwamba komando alitoka nyumbani akiahidi kurudi na mabati ya kuezeka nyumba nzima upya, na kwamba mwanaume hawezi kushuka kwenye boti pale bandarini Kalundu na mikono mitupu, majirani wakimwangalia. Nilizungumza kwa muda. Dieudonné akaniuliza, "Mabati gani, Toussaint? Na boti ya nini? Huyu anaruka."

4. Mtu wa posta. Hili ndilo kubwa. Dakika ya sitini na nane mtu wa posta anakuja mlangoni kwa Olga, anampa bahasha, anaondoka. Ana kofia ya posta na mfuko wa posta. Mdomo wake umefunguka mara mbili, nadhani alisema habari na kwaheri. Wewe umempa hotuba. Umesema jina lake ni Habonimana, kwamba ni fundi, kwamba amepita tu kuangalia paa, kwamba amekuja na ngazi yake na hataki malipo, kikombe cha chai kinatosha. Ameendelea kuzungumza hata baada ya kutoka kwenye picha. Ngazi haionekani popote.

Kambi nzima ilimpenda mtu huyo. Hata wapenda kicheko walisema angalau huyu yupo. Walipouliza kwa nini komando asiachwe, Olga akaolewa na fundi, nilitoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Ilikuwa kiangazi.

Mimi pia namjua Habonimana mmoja, fundi, jirani, na sitaki kusema zaidi. Lakini umesema ngazi ile kipandio chake cha tatu kimefungwa kwa waya. Waya huo niliufunga mimi. Ngazi hiyo niliiacha nyuma ya jiko letu, na hakuna Mmarekani anayeijua.

5. Madhara kwa kazi. Usidhani haya yanaishia kwenye televisheni. Siku hizi wapenda kicheko hawampokezi mpenda huzuni jiwe. Jumanne iliyopita tulichimba mtaro mmoja kutoka ncha mbili, wao upande wa juu, sisi upande wa chini, na kwa kuwa hatusemezani hakuna aliyeuliza mwenzake anaelekea wapi. Tumepishana kwa mita moja na nusu. Sasa barabara ina mitaro miwili inayotazamana kama majirani waliogombana, na injinia anakuja mwisho wa mwezi. Kapita anasema kama ataulizwa, atasema ni Komando Upepo.

6. Mwisho wa filamu. Majina yamekwisha kupita, watu wameinuka, mara picha inarudi: Olga amekaa kituoni juu ya sanduku lake. Anasema, "Nangoja mpaka mwisho wa Juni. Kisha minye nahamia kwa dada yangu, kule Rugenge." Picha inakatika. Dieudonné aliuliza kama Amerika nayo ina Rugenge. Kapita akasema Amerika ina kila kitu.

Wao wanabishana kama filamu ya pili itamrudisha Olga. Wana muda wa kubishana. Mimi nilichukua kalenda.

Kutokana na hayo, Madamu, naomba mambo mawili.

La kwanza, katika filamu ya pili mtu wa posta arudi kwenye posta yake.

La pili ni kwamba komando apewe nafasi ya kujibu. Kuna mahali, dakika ya themanini na moja, amesimama peke yake juu ya paa, amevua kofia, anazungumza. Anazungumza sana: nimehesabu, midomo inafunguka mara kumi na tisa. Wewe umempa maneno mawili tu: "Mwezi ujao." Kisha umenyamaza, na yeye akaendelea kutafuna hewa kama samaki. Watu wote walicheka, na ndicho kicheko pekee cha filamu nzima, lakini si cha namna niliyokuwa naitaka. Ninajua maneno hayo umeyatoa wapi. Ndiyo niliyokuambia kwenye simu wiki ya Pasaka, na mwezi uliotangulia, na mwezi uliotangulia huo.

Nimekuandikia maneno mengine ya kuweka pale. Nimeyapima na midomo yake kwenye simu ya Dieudonné, yanaingia:

"Olga, sikubaki kwa sababu ya jiji. Jiji liliisha kuokoka zamani. Niliona haya kurudi bila nilichoahidi, na kila mwezi haya ikaongezeka, nikakudanganya kwamba ni kazi."

Ukisema bila haraka, inabaki nafasi kidogo mwishoni. Hapo weka jina la mtoto.

Sikulazimishi. Wewe ndiye mwenye kipaza sauti. Lakini filamu za komando ni za kufurahisha watu, na mtu akitaka huzuni anayo ya kwake, hana haja ya kuinunua kwenye kadi. Rudisha kicheko, Madamu, na kambi itapata amani, mitaro itakutana, na watu watarudi kula chungu kimoja.

Naomba unifikishie salamu kwa Mzee Léopold, na umwambie kwamba majambazi wanamkosa. Kwa dada yako wa Rugenge, ingawa chumba chake ni kidogo na yeye mwenyewe anajua. Kwa wanakwaya wote. Na kwa Naomie, umpime urefu wake kwenye mlango na uniwekee alama. Kwa Habonimana sina salamu.

Ni mimi, kwa heshima zote,
Toussaint, mbeba mawe, mtazamaji wa Komando Upepo tangu filamu ya kwanza

N.B. Mama Naomie, nilimpa Dieudonné barua hii anirekebishie maandishi, kwa sababu yeye alifika sekondari. Badala ya kurekebisha aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Nilitaka ardhi inimeze. Alipofika kwenye ngazi hakuna aliyecheka. Alipomaliza, kapita alisema sasa ameelewa lile bomba lililopasuka ghorofa ya kumi na mbili. Wakapiga kura, kwa kunyoosha mikono, nani ana haki, komando au Olga. Kura thelathini na mbili zimekwenda kwa Olga. Ya kwangu imo.

Basi malalamiko yote sita uyafute. Filamu usiiguse hata neno moja. Nimeiangalia mara kumi na moja, na mara kumi za mwisho nilikuwa nimeipa televisheni mgongo, kama weye na karanga zako. Sikufuata picha. Nilifuata sauti.

Mama Pétronille amekataa kuibeba barua hii. Amesema hawezi kubeba karatasi ya mtu ambaye atapanda lori moja naye. Kwa hiyo naileta mwenyewe, na utaisoma mimi nikiwa nimekaa hapo hapo, jambo ambalo silifurahii. Mabati niliyonayo ni sita. Hayatoshi hata chumba kimoja, lakini ndiyo nitakayoshuka nayo.

Utakaposoma haya nitakuwa nimeshashuka, lakini naandika hata hivyo: boti inafika Kalundu Jumamosi tarehe 22 Juni, asubuhi kama ziwa ni tulivu, mchana kama si tulivu. Sanduku usilifunge. Na mwambie Habonimana asiirudishe ngazi bado. Aje nayo Jumatatu aishike chini, kile kipandio cha tatu sikiamini. Juu nitapanda mimi.